Kuwaonjesha watoto tanzu za fasihi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na walimu wa Mtwara na Lindi

Majibu haya ni ya mzazi, bibi au babu anayelea wajukuu, na mwalimu wa awali hadi darasa la saba. Hayakupangwa kwa kufuata kitabu cha kiada. Soma swali linalokuhusu, mengine utayarudia siku ukiyahitaji.

Tanzu ziko ngapi, na mtoto anatakiwa azijue zote?

Kwa kawaida fasihi simulizi hugawanywa katika hadithi, ushairi, semi na maigizo. Fasihi andishi ina hadithi fupi, riwaya, tamthiliya na ushairi. Chini yake kuna vipera: ngano, visasili, visakale, vigano, methali, vitendawili, nyimbo, tenzi na vinginevyo.

Mtoto wa darasa la tatu hana haja na orodha hiyo. Kinachotakiwa ni awe ameshatega kitendawili, ameshaimba wimbo wa kupokezana na ameshaigiza mhusika, ndipo asikie kwamba kila kimoja kina jina lake. Ukianza na fasili ubaoni ("Ngano ni nini? Taja sifa tano za ngano") utapata watoto wanaotaja sifa tano bila kukosea, lakini ukiwaomba ngano moja wanatazama chini. Jina lije mwisho. Likija mwisho hukaa.

Tuanze na utanzu upi?

Vitendawili. Havihitaji kitabu wala taa, na kimoja huisha ndani ya dakika mbili. Mtoto wa miaka minne anaweza kucheza pamoja na kaka yake wa darasa la sita.

Mtegaji anasema "Kitendawili!", wanaitikia "Tega!". Akishatega, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuruhusu jibu la kwanza, la sivyo wenye midomo myepesi watajibu vyote na wenzao watanyamaza jioni nzima. Ruhusu majibu matatu. Yakikosewa, mtegaji anasema "Nipeni mji". Wanampa Masasi, anakataa. Wanampa Kilwa, anakubali, anasimulia kidogo alivyopokelewa huko, kisha anatoa jibu. Usikate kipande hicho cha mji kwa kuokoa muda. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kubuni maelezo akiwa amesimama mbele za watu.

Baada ya wiki moja au mbili watunge vyao. Chagua kitu kilichopo mbele yao, mfano bibo na korosho yake. Waulize kina umbo gani, kimekaaje, kinafanya nini. Watasema tunda liko juu, mbegu iko nje, inaning'inia chini. Ficha majina, weka watu mahali pake: "Mama yuko juu, mwana ananing'inia miguuni."

Kosa la kawaida ni kutunga kwa kutaja matumizi: "Ninakila na kina mafuta." Hicho ni karanga, ni nazi, ni ufuta, ni samaki. Mwambie mtunzi ajaribu mwenyewe kutafuta jibu la pili. Akilipata upesi, kitendawili chake bado hakijaiva.

Nyumbani tunasema Kimakonde, shuleni Kiswahili. Tutumie lugha gani?

Nyumbani tumia ile unayoota nayo. Ngano iliyosimuliwa kwa Kimakonde, Kiyao, Kimwera au Kimakua na mtu anayeimudu humjenga mtoto kuliko ngano ileile kwa Kiswahili cha kuungaunga. Muundo wa hadithi (tatizo, majaribio matatu, mwisho) huhama wenyewe kutoka lugha hadi lugha. Shuleni mpe nafasi aisimulie upya kwa Kiswahili.

Mtoto akisema "kolosho" katikati ya masimulizi, mwache amalize. Kurekebisha matamshi kuna kipindi chake. Ukimkatiza mara tatu, ya nne hasimami tena.

Mwanangu anataka hadithi za sungura tu. Nimzuie?

Usimzuie, mhamishe taratibu kupitia sungura huyohuyo. Wiki ya kwanza sungura kwenye ngano. Wiki ya pili wimbo anaouimba sungura akitoroka, mistari minne tu. Wiki ya tatu mazungumzo ya sungura na fisi, watoto wawili wakisimama kuyasema. Wiki ya nne sungura halisi: anakula nini, anazaa wangapi, adui zake ni nani. Mtoto anaona ameendelea na sungura wake, kumbe amepita tanzu nne.

Ngano, kisasili na kisakale: namwelezaje mtoto tofauti?

Swali hili huwasumbua hata walimu, na jibu la vitabuni ni refu kuliko linavyohitajika. Mwulize mtoto: "Anayesimulia anataka tuamini kwamba ilitokea?" Katika ngano hapana, wote tunajua fisi hasemi. Katika kisasili ndiyo, na jambo lenyewe ni asili: watu walitoka wapi, kwa nini kuna kifo. Katika kisakale pia ndiyo, lakini kuna mahali panapojulikana na watu wanaotajwa katika historia.

Mikoa hii ina mifano ya kutosha, hakuna sababu ya kukopa ya Ugiriki.

Kisasili: asili ya Wamakonde, kama ilivyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hapo mwanzo alikuwako kiumbe mmoja peke yake porini, haogi wala hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu na makazi yake. Usiku ikageuka mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mtoto wao wa kwanza akazaliwa huko akiwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye hivyohivyo. Wakapanda juu, kwenye vichaka vya Mahuta, wa tatu akaishi. Chora ramani chini kwa kijiti: mto kusini, bonde kaskazini, uwanda wa juu katikati. Watoto wafuate safari kwa vidole, kisha waulize kwa nini wazee wangeonya watu wasikae karibu na mito mikubwa. Angalizo: kama kuna nyumba iliyopoteza kichanga hivi karibuni, ahirisha hadithi hii.

Kisakale: Kilwa Kisiwani. Inasimuliwa kwamba mtawala aliyetoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wape watoto kazi: kanga moja ina urefu wa kama mita 1.5, darasa la mita 8 kwa 6 lina mzunguko wa mita 28, zinahitajika kanga ngapi? Ni 19. Sasa wafikirie kisiwa. Mtu atasema tu, "Hizo nguo zilitoka wapi zote?" Swali hilo ndilo unalolitafuta, kwa kuwa mtoto ameanza kutenganisha historia na chumvi iliyotiwa na msimulizi. Mwambie pia kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika alichokiona, halafu mlinganishe namna hizo mbili za kusimulia.

Watoto wanaogopa ushairi. Nianzie wapi?

Kwanza kwenye kupiga makofi. Mizani ni silabi, na silabi husikika kabla ya kuonekana. Chukua majina yao: A-sha, makofi mawili, Se-le-ma-ni, manne. Siku tatu za mchezo huo zinatosha.

Kisha utenzi, kabla ya shairi la tarbia. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja mizani 8. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani silabi ileile ya mwisho, wa nne una kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Tarbia ina mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Hiyo iache hadi darasa la sita. Mfano wa ubeti wa kuanzia:

Mikorosho yanukia
Na nyuki wanaingia
Bibi anafurahia
Magunia tuyashone

Wapige makofi kila mshororo. Sasa waandikie ubaoni "Mikorosho inanukia" na uwaache wahesabu: tisa. Mmoja atapendekeza kufuta neno, mwingine kubadilisha "inanukia" iwe "yanukia", na wa pili huyo ameshaanza kuwa mshairi. Kazi inayofuata ni ubeti wa pili, ambao mshororo wake wa nne lazima uishie kwa "-ne". Wape maneno ya kuchagua (tuvune, tuone, mwingine, mnene) maana kutafuta vina kwa kichwa kitupu huwachosha wadogo.

Mambo matatu huharibika hapa. M inayosimama peke yake, kama katika "mtoto", ni mizani moja, lakini mb, nd na ng' si silabi za ziada. Fundisha hili kwa makofi, usilifundishe kwa kanuni. Pili, watoto huweka neno lolote ili kina kitimie, hata kama halina maana, basi waulize kila mara, "Hapa unasema nini?" Tatu, mwalimu husoma shairi kama tangazo la mkutano. Utenzi huimbwa au hughanwa. Kama hujui mahadhi, mtafute ustadhi wa madrasa au mzee yeyote mwenye sauti. Pwani hii haina upungufu huo: utenzi maarufu wa Vita vya Maji Maji ulitungwa na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini.

Nyimbo za jando na unyago tuzitumie darasani?

Hapana. Zina wenyewe, na nyingi hazitakiwi kusikika nje ya wakati wake. Nyimbo za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto na za michezo zinatosha mwaka mzima. Ukiwa na shaka kuhusu wimbo fulani, waulize makungwi kabla, usiwaulize watoto.

Nina watoto 80 darasani. Tamthiliya nitaifanyaje?

Vikundi 8 vya watoto 10. Katika kila kikundi: waigizaji 5, msimulizi 1, wa sauti (ngoma, upepo, jogoo) 2, na watazamaji 2 ambao kazi yao ni kusema mwishoni walichokielewa na kisichosikika. Onyesho lisizidi dakika 3. Kwa siku yaonyeshwe matatu tu. Ukilazimisha yote nane, la tano na kuendelea hakuna anayetazama.

Anzeni bila karatasi. Wakishaigiza, waandike walichosema, ndipo waone umbo la tamthiliya: jina la mhusika, nukta mbili, maneno yake, na vitendo kwenye mabano. Mfano unaotosha ubao mmoja, ghalani kwenye chama cha msingi cha ushirika:

MAMA: Zimefika kilo ngapi, mwanangu?
KARANI: Tisini, mama.
MAMA: (akishangilia) Alhamdulillahi!
KARANI: (akichungulia nyuma ya gunia) Na huyu mtoto naye ni korosho?

Ukiondoa mabano mawili hayo, kichekesho kinakufa. Waonyeshe hivyo, soma mara moja na mabano, mara moja bila.

Kosa kubwa ni kumpa mtoto mmoja mwenye sauti nafasi ya mhusika mkuu kila wiki. Lingine ni kugeuka nyuma wakati wa kusema. Chora mstari wa chaki sakafuni na sharti liwe vidole vya miguu vielekee kwenye mstari. Na tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyotoka mwaka 1969, iacheni sekondari. Mandhari yake ni ya kwetu, lakini uzito wake si wa darasa la tano.

Maandishi ya taarifa nayo ni fasihi?

Wataalamu watabishana. Kwa mtoto swali hilo halina faida. Muhimu ajue kwamba kuna maandishi yanayobuni na kuna yanayopima. Njia tunayoipendelea kuliko zote katika ukurasa huu ni jambo moja katika tanzu tatu, na jambo zuri kuliko yote kwa watoto wa Lindi ni mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria.

Siku ya kwanza ni ya taarifa. Mifupa ilichimbwa kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Ujerumani. Msimamizi mmoja mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kiunzi kikubwa kilichosimamishwa Berlin kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Chukua kamba, piga fundo kila mita, ilaze uwanjani mita 13 na kidogo. Walale watoto kando yake, wahesabu wangapi wanaenea.

Siku ya pili ngano: mjusi huyo alisema nini alipofika bandarini? Siku ya tatu ubeti wa utenzi. Mwishoni bandika kazi tatu pamoja na uwaulize: wapi tarakimu ni lazima? Wapi mjusi anaruhusiwa kusema? Kwa maswali hayo mawili, mtoto wa darasa la nne ataeleza tofauti ya tanzu bila fasili yoyote.

Hadithi za kutisha zinafaa?

Zinafaa kuanzia kama miaka saba, mchana au jioni mapema, na mradi kitisho kiishe ndani ya hadithi. Usikatize zimwi likiwa bado mlangoni eti mtaendelea kesho. Watoto wa huku wameshaona vinyago vya mashetani na wengine wameshakimbizwa ngomani na mapiko, wachezaji wanaovaa barakoa, hivyo hofu yenye mchezo si ngeni kwao. Usitumie hadithi kama fimbo ("usipolala atakuja"). Ukifanya hivyo hataiomba tena.

Hatuna vitabu. Tufanyeje?

Tengenezeni. Karatasi 2 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 8, zinazotosha hadithi ya darasa la kwanza na la pili: sentensi moja au mbili kwa ukurasa na picha. Karatasi 4 zinatoa kurasa 16, za darasa la tatu na la nne. Jalada liwe la manila.

Usibane kwa stepla, hewa ya pwani huiletea pini kutu ndani ya msimu mmoja na karatasi huchanika hapo. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita 7 juu na chini yake. Kata uzi wa nyavu wa sentimita 50. Ingiza tundu la kati ukitokea ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka hadi la chini ukiruka la kati, toka nje, rudi ndani kwa la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi mrefu uliolala ndani. Ukifunga pembeni yake, kitabu hulegea.

Vilivyochapwa: uliza maktaba ya mkoa, Mtwara mjini au Lindi mjini. Mwenye simu na bando apakue hadithi za bure za African Storybook, ambako Kiswahili kipo na hadithi zimepangwa kwa viwango.

Katuni na simu zinaharibu?

Katuni ya kuchorwa kitabuni ni utanzu mzuri kwa mtoto anayesoma kwa shida, kwa sababu picha inabeba nusu ya kazi. Simu itumike kusikiliza au kusoma, dakika 15, ukiwa naye.

Riwaya aanze lini?

Akiweza kusoma kurasa 3 mfululizo bila kusimama kila mstari, kwa wengi darasa la tano au la sita. Chagua ya kurasa 40 hadi 60. Sura mbili za kwanza msomee wewe kwa sauti, maana hapo wahusika ni wengi na wengi hukata tamaa. Kateni mahali penye joto, kabla mlango haujafunguliwa. Kwenye karatasi aandike majina ya wahusika na uhusiano wao. Akisahau nani ni shangazi wa nani hatarudi nyuma, ataacha tu. Na akiacha katikati, mwache. Mpe nyingine.

Nitajuaje kama ameelewa, bila kumuuliza "Hadithi hii inatufundisha nini?"

Swali hilo lipumzishwe. Watoto wameshajua jibu lake kabla ya kusikia hadithi: tusiwe wachoyo, tutii wazazi. Mwambie badala yake abadilishe kitu kimoja: fisi awe ndiye mwerevu, au yatokee Msimbati ufukweni badala ya porini. Asiyeelewa hawezi kubadilisha. Au asimulie kwa mdogo wake ukiwa chumba cha pili, usikilize alichokiruka.

Msimu wa korosho watoto wako shambani. Tusimame?

Punguzeni, msisimame. Oktoba hadi Desemba fanyeni semi na nyimbo wakati wa kuokota, hazihitaji mikono. Riwaya na utungaji pelekeni miezi mingine, na tamthiliya iwekwe karibu na likizo ya Juni, wazazi wakiwa na nafasi ya kutazama.

Vitabu vyetu vinaliwa na mchwa na kuota ukungu.

Sanduku likae juu ya matofali, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na kiganja kimoja kutoka ukutani, kwa kuwa mchwa hupanda kwa ukuta. Majani makavu ya mwarobaini ndani husaidia kwa wadudu, yabadilishwe kila mwezi. Mabichi hayafai, yanaleta unyevu. Masika fungua sanduku mara mbili kwa wiki, uvisimamishe vitabu vikiwa wazi kivulini penye upepo. Msivianike juani, gundi hupasuka na kurasa hutoka moja moja.